Ulimi wa Mashine

Mashine ya boti ilikohoa, ikatema petroli, ikazima. Mzee Ame akavuta kamba mpaka bega likamuuma, wapi. Nyuma yake, juu ya mkeka, bintiye Rahila alikuwa amejikunja na mimba yake ya miezi minane, na kanga aliyolalia imeanza kulowa damu. Hospitali ilikuwa Tanga mjini, na mkondo ulikuwa unaisukuma boti kwenye mwamba.

"Hiki kitambaa cha nini, mzee?" aliuliza Zebedayo, abiria wao pekee, fundi wa misumeno ya mnyororo kutoka Pongwe.

"Kabureta inatema petroli. Nimeifunga isinichafue."

Kwao manahodha wote hufanya hivyo. Mashine ikianza kutema hufungwa kitambaa mdomoni kama mtoto mwenye udenda, na safari ikaendelea. Ame alikuwa amefunga chake tangu Shaabani, tena kwa fundo la kujivunia.

Zebedayo alikikamua, petroli ikachuruzika. "Ilikuwa inakwambia inaumwa, mzee wangu. Wewe ukaiziba mdomo."

Akafungua kabureta, akachomoa kibati chenye ndimi mbili nyembamba za chuma. Mmoja ulikuwa umemeguka.

"Pistoni ikipanda, tumbo la mashine linavuta, ndimi zinafunguka, hewa na petroli vinaingia. Ikishuka, lazima zifunge papo hapo. Huu haufungi, kwa hiyo kila kilichoingia kinarudi nje."

"Weka mwingine!"

"Niutoe wapi? Nataka kitu chembamba kinachonesa."

Ame alipapasa mfukoni, akatoa kitambulisho chake cha taifa. Alikuwa amekisotea miaka. Mpemba anayepita mpakani Horohoro bila hicho huulizwa mpaka babu yake alizaliwa wapi.

"Kata," alisema.

Zebedayo akakata ulimi mpya kwa kisu, akausugua, akaufunga mahali pa ule uliomeguka. Mawimbi yakivunjika mwambani sasa yalisikika wazi. Ame akavuta kamba. Mashine ikaguna, ikashika.

"Nisikilize, mzee. Kadi ni nene kuliko chuma. Inafunguka kwa uvivu, inafunga kwa uvivu. Ukienda taratibu, itawahi. Ukiikimbiza, pistoni itashuka kabla haijafunga, itapigwa mpaka ikatike. Hatuna nyingine."

Wakaupita mwamba polepole, wakaelekea mjini. Ame alikuwa hajawahi kwenda polepole maishani mwake. Vijana wa bandarini humwita Mzee Resi.

"Baba," alisema Rahila, "kimbiza. Nakufa, baba."

Ame akakaza mkono kwenye mpini. Kuzungusha kidogo tu, basi, na boti ingeruka. Machozi yalimtoka waziwazi mbele ya mgeni, asijali.

"Kimbiza, baba!"

Hakukimbiza. Rahila akamlaani, akamlilia marehemu mama yake, kisha akanyamaza. Zebedayo alimshika Rahila mkono, akamwashiria Ame kwa kichwa: bado anapumua. Ame alisoma aya alizozijua, akazirudia, mkono ukiwa palepale.

Walipogusa ufukwe, wanaume waliokuwa pale wakambeba Rahila mbio hadi kwenye gari. Ame ilibidi abanduliwe vidole kwenye mpini, kimoja kimoja.

Jioni waliruhusiwa kumwona. Kichanga cha kiume kililala ubavuni mwake, kidogo mno, kikipumua.

"Nilikwambia ukimbize," alisema Rahila, bado ana hasira.

"Nilikusikia, mwanangu," alijibu Ame. "Kila mara nilikusikia."