Kijitabu cha Moshi

Msimu wa pamba wa mwaka 1995, wanunuzi binafsi walipokuwa wakishindana kupanga mizani kando ya barabara, mwalimu Limbu alikuwa barazani kwake Bariadi akizungusha mkono wa mashine ya kudurufu. Alikwisha andika vijitabu mia mbili na kumi na tatu. Vingine vilieleza radi, kichocho na kwa nini maziwa huganda. Vingine vilikuwa hadithi za Wasukuma wanaochunga ng'ombe kwenye sayari ya mbali, na hizo ndizo zilizogombaniwa. Vilabuni watu walibishana ng'ombe wale wanakunywa maji wapi.

Cha mia mbili na kumi na nne alimwandikia shangazi yake Nyanjige, mjane wa Bukundi. Macho yake yalikuwa mekundu, na jina lake lilikuwa limeanza kutajwa kwa sauti ya chini. Mwaka ule wajane watatu wa upande huo wenye macho kama yale walikwisha katwa mapanga. Limbu aliogopa, na yeye akiogopa huandika. Kijitabu kilisema kwamba miti imekwisha, wanawake wanapikia mavi makavu ya ng'ombe, na moshi wake ukichoma macho miaka arobaini lazima yawe mekundu. Uchawi haumo. Akachora jicho, akachora jiko, akapeleka nakala mia moja.

Wiki tatu baadaye Nyanjige aliuawa mlangoni kwake asubuhi, akipepeta mtama. Alikatwa mkono aliojikingia, kisha shingo. Alizikwa Jumanne. Alhamisi alasiri aliingia barazani kwa Limbu, shingo ameifunga kanga, mkono wa kushoto ameushika kwa wa kulia, akaketi juu ya gunia la pamba. Limbu alimwamkia kwa adabu, na mkewe Kwandu akaleta viazi, maana shangazi alikuwa ametembea mbali.

Limbu alitaka kujua kama kijitabu hakikufika.

"Kilifika," alisema Nyanjige. "Jilala alinisomea chote. Anasoma vizuri yule."

Jilala alikuwa mtoto wa kaka wa marehemu mumewe. Nyanjige alieleza taratibu, akikaza fundo la kanga kila damu ilipopenya. Jilala alikubali kila ukurasa, hata akamshauri awe anapikia nje. Kisha alipima kwa kamba shamba la pamba la Nyanjige, ekari nane za barabarani, akaenda zake, akarudi na panga. Limbu alilia mbele ya mkewe bila kujificha. Miaka kumi na tisa alikuwa akipigana na ujinga, kumbe ujinga haukuwepo pale.

Moshi wa jiko la Nyanjige haukukoma. Ulitoka kwenye majivu baridi ukamfuata Jilala shambani, kwenye mizani na kitandani, na mvua haikuutawanya. Kabla ya miezi miwili kwisha macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya mjane yeyote, na sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaanza kumtupia jicho.

Akapanda basi hadi Bariadi.

"Mwadila, mwalimu," alisema. Akamsalimia na Nyanjige pale guniani, naye akaitikia. "Nataka nakala mia mbili za kile cha moshi."

Limbu alichomoa mkono wa chuma wa mashine akampiga nao mdomoni. Meno mawili yalidondoka. Jilala aliyaokota, akayatia mfukoni, akasema si neno, nakala moja anayo, atakwenda kudurufisha Nyalikungu.

Na kweli alidurufisha. Kwenye mkutano wa kijiji alikisoma kwa sauti, na mapengo yake. Sungusungu walitazama picha ya jicho, picha ya jiko, na moshi uliomzunguka msomaji, wakakubaliana kwamba macho mekundu ni moshi tu, mtu asisingiziwe. Wakampigia makofi mwandishi, ambaye hakuwepo.

Desemba aliuawa Milembe, mjane ambaye shamba lake lilipakana na zile ekari nane. Sababu iliyotajwa ni macho yake.

Alifika barazani siku ya tatu, paji la uso limepasuka, kijitabu kimekunjwa kwenye pindo la kanga. Nyanjige alisogea akampa nafasi guniani. Milembe aliuliza kama kuna hadithi mpya ya ng'ombe wa kule mbali, na Limbu akawasomea. Nyanjige alimkatiza mara moja tu.

"Huko mashamba ni ya nani?"

Limbu alisema huko hakuna mashamba, ni malisho matupu.

"Haya, endelea."

Akaendelea kusoma. Kwandu alikwenda kwa jirani kuomba magunia mengine mawili.