Simu Haina Pua

Kila nikipita chini ya bango la Afya Hewani pale Kirumba natema mate, na sitaki mtu anifundishe adabu. Ofisi yao imefungwa, lakini bango hakuna aliyelishusha. Lina picha ya daktari mwenye koti jeupe na meno ya kung'aa, na chini yake wameandika: Daktari yuko nawe popote. Popote, labda, isipokuwa pale alipo mgonjwa.

Mimi naitwa Tereza, nauza dagaa soko la Mwaloni, hapo hapo Kirumba. Siku nyingi nalala mjini kwa dada yangu, kisha narudi ng'ambo ya ziwa, upande wa Sengerema, kwa mume wangu Luhaga ambaye ni mvuvi. Baba alipofariki, mama yangu, Kashindye, aliacha majaruba yake ya mpunga kule Magu akaja kuishi kwetu. Tulimjengea kijumba upande wa pili wa ua, mlango ukitazama kwingine, kwa sababu kwetu Wasukuma mkwe ni mkwe. Luhaga akimwona mama njiani anaacha njia. Hali naye pamoja, halitamki jina lake, na habari za mwili wake haziwezi kupita mdomoni mwake hata umshikie panga. Watu wa Dar wanacheka wakisikia hayo. Wacheke. Kwetu hiyo ndiyo heshima, na Luhaga ana heshima ya kupitiliza.

Mwaka jana Afya Hewani walikuja kijijini na miavuli, fulana na muziki wa kupasua masikio. Wakawaandikisha wavuvi mmoja mmoja kwa namba za simu na ada kidogo. Ukiumwa unapiga, daktari anakusikiliza, dawa unachukua kwenye duka la dawa pale senta. Sikuona ubaya wowote. Kwenye zahanati yetu unaweza kukaa benchi kutwa nzima na usimwone mtu.

Ndipo mama akanipigia kwa kitochi chake, akinong'ona. Alisema anatokwa damu, yeye ambaye mambo hayo yalikoma zamani. Nilikuwa na mzigo juani na mawingu yanakuja, nikampigia Luhaga nikamwambia ampigie daktari wao amweleze kwamba mama anatoka damu. Akasema sawa. Jioni aliniambia ni kichocho na dawa ameshapeleka. Nikaamini. Mwanamke aliyeshinda ndani ya majaruba tangu usichana wake, kichocho ni jirani yake.

Damu haikukoma. Luhaga akapiga tena, na tena, na jibu likawa lile lile na vidonge vile vile. Mwenye duka la dawa akanenepa. Hakuna aliyeomba kumwona mgonjwa, hakuna aliyeuliza hata umri.

Siku moja nikiwa nyumbani nilichukua nguo za mama nikazifue. Harufu iliyopanda kutoka kwenye lile beseni sitaisahau. Mimi ni mtu wa dagaa, harufu mbaya ndiyo kazi yangu, lakini ile ilinitia hofu. Kesho yake nilimvusha mama kwenda hospitali, akapata daktari mwenye mikono. Alimpima, akaniita pembeni, akaniambia ni saratani ya shingo ya kizazi na imeshatambaa, kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Aliuliza mbona tumechelewa hivi. Nilimjibu kwamba hatukuchelewa, tulikuwa tunatibiwa. 

Usiku ule Luhaga alinieleza, akiwa amenipa mgongo. Kwenye simu hakuwa amemtaja mama hata mara moja; alisema tu kuna damu kwenye haja ndogo, maana zaidi ya hapo mdomo ulikataa. Alishindwa.

Nikapeleka malalamiko kwa mamlaka ya afya, na kikao kikapangwa. Kabla ya siku yenyewe, meneja wa Afya Hewani alikuja nyumbani kwetu na mfuko wa sukari na kanga. Jina lake Venant, kijana wa Magu, Msukuma mwenzetu kabisa. Alimpa mama shikamoo kwa mbali, akiwa amepiga goti kama mtoto aliyelelewa, nami moyo wangu mjinga ukalainika. Kisha akamvuta Luhaga pembeni, nami nikawafuata. Alitaka jambo dogo tu, Luhaga aseme kwenye kikao kwamba alitoa maelezo ya uongo. Luhaga akasema hakusema uongo.

"Basi, ndugu yangu," Venant akamwambia, akitabasamu, "simama mbele ya watu useme ile damu ilikuwa ya nani."

Alijua. Mgeni angeweza kusamehewa kwa kutojua mila zetu, lakini huyu alizijua, akazipigia hesabu. Kikulacho ki nguoni mwako, wala hawakukosea waliosema. Sukari na kanga nilizitupa ndani ya gari lake, na sukari ikamwagika kwenye viti. Hilo tu ndilo lililonifurahisha mwezi ule.

Kikao kilifanyika ofisini kwao ghorofani, Kirumba. Madirisha yalikuwa yamefungwa kabisa, kiyoyozi kikinguruma, na marashi yamepulizwa hadi kooni, maana Venant hakuweza kuvumilia harufu ya Mwaloni. Hela za wavuvi alizivumilia. Mama tulimwacha kwenye benchi la nje ya mlango, kwa kuwa mkwewe alikuwa ndani.

Mkaguzi aliyetumwa na mamlaka alikuwa mama wa makamo asiyecheka. Nilipoeleza yote, Venant alisema mimi sikuwepo kwenye simu, namtetea mume wangu tu. Vyeti vya hospitali vilionyesha mama anaumwa, havikuonyesha kwamba simu ilipigwa kwa ajili yake. Mkaguzi akaagiza tusikilizishwe simu ya kwanza waliyorekodi.

"Kuna damu," ilisema sauti ya Luhaga. "Kwenye haja ndogo."

"Wewe mvuvi?"

"Ndiyo."

"Hicho kichocho. Nenda duka la dawa."

Ikaishia hapo. Mimi nikinunua nyanya naulizwa maswali mengi kuliko hayo.

Mkaguzi akataka kujua ni daktari gani aliyejibu. Venant akataja yule wa kwenye bango, na namba yake ya usajili. Mkaguzi akasema aitwe. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba daktari huyo aliacha kazi zamani, wakabaki na picha na namba yake, na wanaopokea simu ni vijana waliosomea masoko, wanaosoma majibu kwenye kompyuta. Venant hakuona hata haya. Alisema huduma imekua haraka kuliko taratibu, na mambo hayo yanarekebishwa. Mkaguzi akamjibu kwamba kumjua unayemtibu kabla ya kumpa dawa si utaratibu wa jana.

"Sawa," akasema Venant. "Lakini mpigaji alituficha. Yuko hapa, mwulizeni."

Mkaguzi akamgeukia Luhaga, akamwuliza taratibu damu ilikuwa ya nani. Luhaga akafungua mdomo, akaufunga. Jasho lilimtoka ndani ya baridi ile ya kiyoyozi. Asiposema, mama angebaki hewani kama jina la kampuni yao, mgonjwa ambaye hakuwahi kuwepo. Venant akanitazama, akatabasamu. Sijawahi kumchukia mtu hivyo.

Mlango ukafunguka. Mama alikuwa amesimama, ameshika fremu. Luhaga akaruka kutoka kitini, akageukia ukuta.

Harufu iliingia pamoja na mama, ikayashinda marashi. Venant akatoa leso akaziba pua, yule yule aliyempigia goti uani kwetu. Kisha akainuka, akaenda kulifungua dirisha, akatoa kichwa nje akavuta hewa ya dagaa kama mtu aliyeokolewa majini.

"Damu ni yangu," mama akamwambia mkaguzi. "Mkwe wangu alinistahi, asingeweza kunitaja. Hawa hawakunistahi, na bado hawakuniuliza."

Akamgeukia Venant.

"Simu haina pua, mwanangu, siilaumu. Wewe unayo. Funga dirisha, ukae."

Venant akamtazama mkaguzi, akitegemea kuokolewa. Mkaguzi akasema, "Funga."

Akafunga. Mama akakaa kwenye kiti alichokiacha Luhaga, akaanza tangu damu ya kwanza, polepole, akisema kila kitu ambacho mkwewe hakuweza kusema. Luhaga alilia bila sauti, uso ukutani. Venant alikuwa akimeza mate na leso iko puani, na kila alipotazama dirisha mkaguzi alitikisa kichwa kumkatalia. Mama hakuwa na haraka.