Gari la Mchungaji la Cc Elfu Tatu

Mimi sikasiriki ovyo, lakini siku mwenyekiti wa kanisa letu, Mzee Marete, alipotangaza kwamba amemtafutia mchungaji gari la injini ya cc elfu tatu, damu ilinichemka nikiwa benchi la mbele na tabasamu langu usoni. Mchungaji ndiye mume wangu, Mwenda. Washirika walikuwa wamechanga mwaka mzima, Mungu awabariki, na sasa walipiga makofi hadi mabati yakatetemeka. Mwenda akasimama, akashukuru. Yule mtu hajui kusema hapana, akikaribishwa chai nyumba tano anaimaliza kote.

Nyumbani nikamwuliza, hilo gari litakunywa mafuta ya nani? Kanisa lilikuwa linanunua gari, halinunui petroli. Petroli, bima, magurudumu mapana ya bei ya ng'ombe, yote hayo yangetoka kwenye viazi ninavyouza sokoni Gakoromone, na viazi ndivyo vinavyomlipia binti yetu karo. Niliona mwisho wake wazi: gari lifunikwe turubai uani, mchungaji aendelee kupanda bodaboda, halafu watu waseme mkewe ni mchoyo. Mwenda akasema tuombe. Nikamwambia aombe yeye, mimi nafikiria.

Kesho yake nikampigia Mzee Marete. Nikamsalimia vizuri, nikauliza habari za nyumbani, kisha nikamwomba tulijaribu gari kabla hajalipa. Si kuzunguka uwanja wa muuzaji, hapana, tufanye nalo kazi ya mchungaji ya siku moja: Ruiri kwenye kanisa letu dogo, hospitali kuona wagonjwa, halafu tupande mpaka kwake mlimani. Muuzaji alikubali, mradi aandamane nasi na mafuta yawe juu yetu. Marete akatia mafuta kwa madaha, akisema mengine yatabaki.

Sitasema uongo, gari lilikuwa tamu. Viti vya ngozi, mashimo ya barabarani huyasikii, na Mwenda kwenye usukani amenyoosha shingo. Tukirudi kutoka Ruiri taa ya mafuta ikawaka. Marete akatia mkono mfukoni. Tulipotoka hospitalini ikawaka tena, na safari hii akamkodolea macho muuzaji. Muuzaji akajitetea kwamba injini kubwa ndivyo zilivyo, hasa kwenye milima na msongamano wa mjini. Mimi nilikuwa nyuma nikitazama nje, na moyoni nacheka kweli kweli.

Nikaona nafasi yangu ndiyo hiyo. Nikasema kwa sauti ya adabu kwamba kule kwa muuzaji nimeona kigari cha cc elfu moja, cha chini chini, ambacho mafuta kinayanusa tu.

Mzee Marete akageuka kwenye kiti.

"Mama Mchungaji, hicho kitagonga tumbo kwenye mawe ya kwetu. Ntinyari alipovunjika nyonga wakati wa mvua, hakuna gari lililofika. Tulimbeba kwa kiti mpaka lami, akilia njia nzima. Mimi sitafuti fahari. Nataka gari linalofika."

Ntinyari ni mkewe, na nilikuwa nimempelekea sukari na unga bila kuuliza alifikaje hospitali. Nilimhurumia mzee, na nilijionea aibu kwa kile kicheko cha moyoni.

"Na lisilo na mafuta linafika, mzee?" nikamwuliza, lakini sasa kwa upole.

Mzee akamwuliza muuzaji kama hana gari la injini ya kiasi, lililoinuka, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Muuzaji akajikuna kichwa. Lilikuwepo, cc elfu moja mia tatu, ila limekosa mnunuzi kwa sababu ya rangi yake ya maharagwe yaliyolala. Marete akasema rangi haipandi mlima.

Alhamisi mvua ilinyesha mpaka tukafurahi. Tulipanda kwa Marete kulijaribu lile gari la rangi ya maharagwe, ule udongo mwekundu ukiteleza kama mlenda, na taa ya mafuta haikutujali. Ntinyari alikuwa mlangoni na fimbo yake. Tukamweka kiti cha mbele. Mwenda akateremka pole pole, gari likajivuta, likakanyaga mawe bila kuyagusa na tumbo, na Marete kando yangu kiti cha nyuma ameshikilia kiti cha mkewe kwa mikono miwili. Hatukusimama hadi tulipokanyaga lami.

Ntinyari alitazama kushoto na kulia, kama haamini pale ni wapi.

"Tumefika, na sijaumia popote," akasema. Kisha, bila hata kugeuka, akamwambia mumewe: "Baba Kinya, toa hizo pesa."