Gambuti Elfu Moja Mia Mbili

Shemeji yake Mama Stoo aliposikia redioni kwamba mvua za mwaka huo zitakuwa kubwa ambazo hazijawahi kuonekana, aliagiza gambuti jozi elfu moja mia mbili. Mama Stoo, aliyetunza ghala la duka lao la familia tangu enzi za marehemu mumewe, alimwambia taratibu, "Shemeji, mwaka jana tuliuza mia nne. Tuchukue hizo, tukiona mawingu tuongeze. Kiwandani ni wiki mbili tu."

"Mteja hangoji wiki mbili, shemeji."

Gambuti zikaja. Zilijaa ghala mpaka darini, zikamwagikia koridoni, nyingine zikawekwa chooni, ikabidi wafanyakazi wawe wanajisaidia kwa jirani. Mvua ikala jiwe, hata tone halikudondoka. Mwezi mzima ziliuzwa jozi tisa, na mnunuzi mmoja alirudi kuomba abadilishiwe kandambili.

Shemeji akaacha kusikiliza redio. Mama Stoo akapitia stakabadhi zile tisa, akakuta sita ni za machinjioni. Kesho yake alijitwika gunia la gambuti akaenda huko, kisha kwa waosha magari, kisha kwa wafuga ng'ombe wa maziwa. Watu ambao miguu yao hulowa hata jua likiwaka. Mwaka ulipoisha zilibaki jozi mia moja, na choo kilikuwa kimerudi kazini.

Msimu uliofuata shemeji hakutaka kulisikia neno gambuti.

"Hizo mia zinatosha."

"Hizo nimewaahidi wa machinjioni na waosha magari. Tuongeze hata mia tatu."

"Nimeshaungua mara moja, shemeji."

Mvua ikanyesha mchana na usiku. Watu walipanga foleni mpaka barabarani, wameloa chapachapa, na Mama Stoo akawa anawaambia zimekwisha. Siku ya kumi na moja akaingia shemeji mwenyewe, viatu vyake vya ngozi vimejaa maji, akaomba namba kumi.

"Ipo, ila ni ya mchinjaji. Anaifuata saa nane."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Shemeji akakaa juu ya boksi tupu, akavua soksi, akaikamua.

"Kiwandani bado ni wiki mbili?"

"Sasa ni tano. Kila mtu kaagiza leo."

Akakamua ya pili. Kisha akatoa daftari la maagizo, akamsukumia. "Andika wewe."

Mama Stoo alifikiri kidogo, akaandika mia na ishirini.

"Mbona chache?"

"Zikifika baada ya wiki tano litakuwa jua, shemeji."