Shingo ya Wastani

Baiskeli ya mashindano ya ushirika wa washonaji wa Temeke ilikuwa moja, na wenyewe walikuwa ukumbi mzima. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, wala si kwenye baiskeli, maana baiskeli yenyewe ilikuwa njema: nyepesi, matairi membamba, usukani umejikunja chini kama pembe za kondoo dume. Iliachwa na wageni kutoka Ulaya waliokuja kuangalia jinsi watu wanavyoshona pamoja na kugawana pamoja. Siku hiyo pasi zilipoa na cherehani zikanyamaza, kila mtu anataka kuigusa.

Tatizo lilikuwa shingo. Yaani kile chuma kinachotoka kwenye fremu kwenda mbele kuushika usukani. Kilikuwa kirefu. Anselmo, mpiga pasi, mwenye mikono ya kufikia rafu ya juu bila kigoda, akipanda alikaa vizuri kabisa. Sesilia akipanda, ilibidi ajinyooshe kama mtu anayechungulia kisimani.

Na Sesilia ndiye aliyekuwa na uchu wa baiskeli kuliko wote. Alijifunzia Masasi, kwenye baiskeli ya baba yake ya kubebea korosho, akipitisha mguu chini ya bomba la juu la fremu kwa kuwa kimo hakikumruhusu kupanda juu. Alipoolewa akaendesha ya mumewe, vidole vya miguu vikiitafuta pedeli. Mama mzima wa miaka thelathini na kitu, na hajawahi hata mara moja kukalia baiskeli iliyomtosha.

Kamati ikakaa. Mwenyekiti alikuwa Gaudens, mtu wa Bukoba, mnene wa tumbo lakini mfupi wa mikono na mabega, mkataji wa vitambaa ambaye mkasi wake ulisifiwa mpaka Kinondoni. Akasimama na kusema kuwa mali ya wote haiwezi kukaa kwa kipimo cha mtu mmoja. Akaivua tepu shingoni, akapima mikono na migongo ya watatu waliokuwa wanajua kuendesha: Anselmo, Sesilia na yeye mwenyewe. Akajumlisha, akagawanya kwa tatu. Kisha wakamwagiza fundi Salumu wa Kipawa achomelee shingo ya urefu wa katikati.

Watu wakapiga makofi. Sesilia naye aliinua mkono kukubali, tena juu kabisa. Ilionekana haki, na miaka ile ya ujamaa haki ilipendwa. Ukumbi mzima wa watu wanaokula kwa kupima miili ya wenzao, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka!

Shingo ya wastani ilipofungwa, Anselmo akawa anaendesha magoti yakigonga viwiko. Gaudens, ambaye tumbo lake lilimtangulia kila alikokwenda, alijaribu mara moja akasema baiskeli ni ya vijana. Kwa Sesilia bado ilikuwa ndefu. Alinyamaza. Utalalamikaje juu ya kitu ulichokipigia kura?

Angenyamaza hivyo hivyo, isipokuwa lilikuja tangazo kwamba Saba Saba ya mwaka ule kungekuwa na mbio za baiskeli za wanawake, kutoka Kibamba hadi mjini, na kila ushirika ulete mmoja. Sesilia hakulala kwa furaha. Ushirika wao haukuwa na mwanamke mwingine aliyejua kuendesha. Majina yalitakiwa kuthibitishwa Jumamosi ya kabla ya mbio, baada ya hapo hayangepokewa tena.

Akaanza mazoezi barabara ya Kilwa. Kila akirudi mabega yanawaka, na kidole kidogo na jirani yake vimekufa ganzi, mkono huu na huu. Akajitibu mwenyewe: akaisogeza siti mbele ili usukani uje karibu. Usukani ukaja, lakini magoti yakaanza kuuma. Akakaza meno.

Siku moja, kwenye mteremko wa Mtoni, ganzi ikapanda mpaka kiganjani. Akaishika breki, au akadhani ameishika. Mbele yake muuza mkaa alikuwa anavuka na gunia kichwani, na Sesilia akaona wazi kwamba mikono yake haimsikii. Akakata kushoto, akaingia mtaroni. Muuza mkaa alimtukana mpaka akaishiwa pumzi, na alikuwa na haki yake.

Kesho yake alikuwa kwenye cherehani, anashona kola nyeupe. Aliona doa jekundu kwenye kitambaa kabla hajajua limetoka wapi. Sindano ilikuwa imempita kidoleni na yeye hajahisi kitu. Hapo aliogopa kweli. Mshonaji asiye na vidole ni mtu gani?

Akamfuata Gaudens mezani kwake.

"Ndugu mwenyekiti, ile shingo inaniua mikono. Nakuomba tumwambie Salumu anichomelee fupi. Mie vidole vishaanza kufa."

Gaudens aliutazama mkono uliofungwa kitambaa, akaweka mkasi chini. Hakuwa mtu mbaya. "Pole sana, dada. Lakini hebu fikiri. Tukiikata kwa kipimo chako, si itakuwa baiskeli ya Sesilia? Kesho mwingine atataka cherehani yake peke yake. Sie tutabaki na ushirika wa jina tu."

"Sasa mbio nitakimbiaje?"

"Si lazima tukimbie. Afya yako kwanza. Jumamosi nitalitoa jina lako, hakuna atakayekulaumu."

Sesilia alirudi kwenye cherehani yake macho yakimuuma kwa machozi aliyoyazuia yasitoke. Kilichomchoma zaidi ni kwamba mtu yule alikuwa anamwonea huruma.

Ila wiki ile ushirika ulikuwa unashona sare za wanakamati kwa ajili ya maandamano ya Saba Saba, na shati la mwenyekiti lilimwangukia Sesilia. Kitambaa kilikuwa cha mgawo, kimetosha mashati yale na hakikubaki hata cha mfuko. Sesilia alikitandaza, akashika chaki, akasita. Kisha akachukua vipimo vya Gaudens, vya Anselmo na vyake mwenyewe. Akajumlisha. Akagawanya kwa tatu. Akapiga moyo konde, akakata.

Alilishona kwa uangalifu kuliko shati lolote la maisha yake. Mshono umenyooka, vifungo vimekaa sawa, kola imekaa kama ya dukani.

Ijumaa ikawa siku ya kujaribu sare, na ukumbi mzima ukajaa. Gaudens akavaa lake. Mikono ikateremka ikamfunika vidole. Mabega yakamwagika pembeni. Mbele, kifungo na tundu lake vilitazamana kwa mbali, tumbo likiwa katikati. Watu walianza kwa kukohoa, halafu wakashindwa. Anselmo ilibidi ageukie ukuta.

"Nani kakata hili?" Gaudens aliuliza, na sauti yake haikuwa na mzaha. Kuharibu kitambaa mbele ya mkataji si jambo dogo, tena kitambaa cha mgawo.

Sesilia akasimama.

"Kamati, ndugu mwenyekiti. Nimefuata kipimo cha kamati. Wewe, Anselmo na mie, kugawanya kwa tatu."

Kicheko kikakatika. Gaudens alijitazama tumbo, akatazama mikono inayoning'inia. Akashika pindo, akalikagua mshono kwa mshono kama alivyozoea, akitafuta kosa la kushona. Hakulikuta. Uso ukamwiva, akakaa kwenye kigoda kilichokuwa karibu, na kwa muda watu hawakujua kama atafukuza mtu au vipi.

"Hivi nimewahi kumkatia mtu hivi?" akauliza polepole, si kwa Sesilia hasa. "Maisha yangu yote?"

Akainuka kwenye kigoda.

"Jina lake libaki," akasema. "Na kesho asubuhi aende kwa Salumu. Ile ndefu ya zamani atunziwe Anselmo. Baiskeli ni ya wote, lakini shingo kila mtu na yake."

Jumamosi walikuwa Kipawa mapema, Anselmo akiishikilia baiskeli isimame wima.

"Shikamoo, mzee Salumu."

"Marahaba, mwanangu. Kwanza nani kaisogeza hii siti?"

"Mie."

"Umeionea bure. Siti huwekwa kwa ajili ya miguu. Mikono ina mambo yake huko mbele." Akairudisha nyuma, akamwambia aweke kisigino kwenye pedeli mguu unyooke, akakaza. Ndipo akageukia shingo. Akamwonyesha jinsi viwiko vinavyotakiwa kulegea kidogo, akamwambia atazame chini: usukani uifiche ekseli, ule mhimili wa katikati ya gurudumu la mbele. Akapima, akakata chuma, akachomelea, akakisugua kwa tupa. Jua lilikuwa kali kilipofungwa.

Sesilia akapanda. Mikono ikashuka yenyewe, ikakuta usukani pale pale ilipoutarajia. Alikaa hivyo akivikunja na kuvikunjua vidole mpaka Anselmo akamuuliza kama kuna kitu kimeharibika.

Siku ya mbio wanawake wengi walimtangulia, maana mazoezi ya kweli alikuwa nayo ya siku chache tu. Lakini kutoka Kibamba mpaka mjini kila mteremko alishika breki na breki ikamwitikia. Alifika katikati ya kundi, jasho tupu, akashuka kwa miguu yake.

Gaudens alikuwa anamsubiri penye kamba ya kumalizia, amevaa lile shati. Kitambaa kingine hakikuwepo, na sare ilikuwa lazima. Alikuwa ameandamana nalo hivyo hivyo mbele ya watu, mikono imekunjwa mara kadhaa, tumbo nje ya vifungo. Alimpa maji, akangoja anywe, kisha akaivua tepu shingoni na kumkabidhi.

"Kuna la kuokoa hapa?" akauliza, akiinua mikono pembeni kama mteja. "Nipime."

Sesilia aliipitisha tepu begani kwa Gaudens, akaibana kwa kidole kidogo, kile kile kilichokuwa kimekufa ganzi, na akausikia uzi wa kitambaa.