Kikombe cha Marehemu Anisia

Tangu mzee Ndaki aletwe mtaa wa Kambarage kutoka machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu, Anisia, binti yake, alitaka jambo moja tu: baba yake amwite kwa jina, walau mara moja, kabla kichwa hakijamwishia kabisa. Nesi wa kliniki alikwisha kumwambia wazi. Uzee una lake, lakini gongo ya miaka arobaini nayo inaula ubongo, na isikatwe ghafla, mzee asije akapata degedege. Apunguziwe kidogo kidogo hadi iishe.

Kupunguza! Sikio la kufa halisikii dawa. Anisia akimpimia robo kikombe asubuhi, adhuhuri mzee anarudi na kikombe kilichojaa, maana mtaani kumnyima mzee pombe ni kukosa adabu.

Naye adabu yake hakuisahau. Kila mara kabla ya kunywa alichuchumaa kizingitini, akamwaga tone kwa ajili ya masamva, wazee waliotangulia, akiwataja mmoja mmoja: baba yake, mama yake, Boaz rafiki yake aliyefukiwa na shimo la dhahabu. Anisia ni Mkatoliki, lakini hakumkataza. Mzee alikwisha kusahau hata choo kiko wapi. Orodha ile tu ndiyo haikupungua jina.

Adhuhuri moja, jua liko utosini na mtaa umenyamaza, Anisia alikuwa akipepeta mchele aliposikia orodha imeongezeka. Baada ya Boaz, mzee alisema taratibu, "Na wewe, Anisia ng'wanone. Kunywa, mwanangu."

Ungo ukamtoka mikononi. Jina alilolisubiri miezi minane limekuja, na limekuja na kaburi lake. Alimsogelea, akamshika bega, akamwambia ni yeye, yu hai, amtazame vizuri. Mzee alimtazama sana usoni. Kwamba huyu ni Anisia, aliamini. Kwamba yu hai, hapana.

"Umekuja mwenyewe," alinong'ona. "Kiu imekuzidi huko?"

Anisia alijishika kifua, akausikia moyo unadunda, na bado mbele ya macho yale alijiona kama hayupo. Mzee alikuwa akimnyooshea kikombe kwa mikono miwili. Tone ni la marehemu aliye mbali; aliyefika mlangoni hupewa chote.

Angeweza kubisha. Angeweza kulia, na alitaka sana kulia. Lakini aliangalia kile kikombe: kimejaa hadi ukingoni, na mzee hajakionja.

"Ndiyo, baba," alisema. "Kiu ni kali. Kila unachopata, niletee mimi."

Akakipokea.

Sasa ni mwezi wa nne tangu siku ile. Kila alichopewa mtaani, mzee alikileta kizingitini bila kukigusa. Anisia alimrudishia vijiko vichache na gongo iliyobaki akaimwaga, wiki iliyofuata vijiko pungufu, hadi vikaisha. Mikono imetulia, usingizi anaupata, ugali anaumaliza. Nesi anamsifu Anisia, naye hushukuru na kugeuza mazungumzo.

Juzi jirani yao, Mama Loveness, alimwamkia mzee shikamoo, akamuuliza anaishije na binti yake. Anisia alikuwa amesimama hapo hapo na bakuli la uji.

"Marahaba," mzee akajibu kwa utulivu. "Binti yangu nilimzika zamani. Ila ni mtoto mwema, haachi kuja."