Msiba wa Mjusi wa Kale

Praygod aliletwa Mbinga kutoka Moshi kutunza chumba kimoja cha makumbusho chenye mjusi mmoja tu. Alikuwa mjusi wa kale, mrefu kuliko ng'ombe, mifupa mitupu iliyogeuka mawe, amelazwa juu ya meza. Watu hawakuja kumwona. Bosi wake, Bwana Baltazar, alishasema: Ijumaa nakuja, nikikuta chumba kitupu nakifunga, nawe urudi kwenu. Praygod hakutaka kurudi. Alikuwa amemposa Edina, binti wa pale Mbinga, na posa ilikuwa bado haijajibiwa.

Ijumaa ikanyesha mvua, na akina mama wa jumuiya ya Matiri, waliokuwa wakitoka sokoni, wakaingia kujikinga. Mbele yao alikuwa Mama Bonifasia, ambaye kule kwao msiba hauanzi mpaka afike.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Huyu ni nani?"

"Mnyama wa kale. Alikufa miaka milioni mia mbili iliyopita."

Mama Bonifasia akaitazama mifupa, kisha akamtazama Praygod kwa uchungu. "Na hamjamzika?"

"Alikuwa ardhini, mama. Tukamfukua."

Hapo ndipo alipoharibu. Akina mama walishika vichwa. Mama Bonifasia akavua viatu, akaketi sakafuni na kunyoosha miguu, na wenzake wote wakafuata. Mmoja akamfunika mjusi kwa kanga. Mwingine akauliza mafiga yako wapi. Praygod alipoanza kueleza habari za zama za kale akaambiwa apumzike, mfiwa hasumbuliwi na maneno.

"Pole, baba. Muda wote huu umekaa naye peke yako?"

Ni kweli alikuwa amekaa naye peke yake, mchana kutwa, miezi nenda rudi, na hakuna aliyewahi kumpa pole. Machozi yakamlengalenga.

Bwana Baltazar alipofika alikuta chumba kimejaa hadi mlangoni, na wimbo wa mazishi umepamba moto. Akataka kupenya.

"Wanaume wanakaa nje, baba," akaambiwa.

Bosi mzima akageuka, akaenda kuketi juu ya tofali barazani.

Mvua ilipokatika, Mama Bonifasia alitoka kutoa matangazo. Leo wamelia. Siku ya arobaini watarudi na jumuiya zote za parokia, pamoja na kwaya.

"Msemaji wa familia ni nani?"

Praygod akamwonyesha bosi wake.

Bwana Baltazar akasimama taratibu, akavua kofia.

"Kwa niaba ya familia," akasema, akakohoa, "tunawashukuru sana. Arobaini karibuni. Nyumba itakuwa wazi."